Mishi Hanywi Sukari

Nasema Mungu amrehemu shemeji yangu Twalib, na kazi hiyo namwachia Mungu mwenyewe, kwa kuwa mimi sijaiweza. Jumapili iliyopita tulimsomea arubaini nyumbani kwa dada yangu Rukia, huko Maple Grove, kwenye ile nyumba yao kubwa ya kijivu ambayo huwezi kuitofautisha na ya jirani mpaka theluji iyeyuke. Wanaume walikaa juu sebuleni. Sisi wanawake tuliteremshwa besimenti, tukawekewa spika ukutani ili tusikose maneno ya wakubwa. Kisomo kilipokwisha, mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa pwani akashika kipaza sauti, akakohoa, akaanza. Alisema marehemu alikuwa mtu wa dini, nikanyamaza. Alisema marehemu alikuwa mtu wa watu, nikanyamaza. Kisha akasema, "Na nani hapa asiyejua kwamba Bwana Twalib ndiye wa kwanza katika sisi kukaa juu ya barafu ya Minnesota akavua samaki? Ndiye aliyetengeneza ile chubwi ya mshipi kwa mkono wake, mpaka Wazungu wakawa wanamjia, 'Bwana, wewe wawapataje?'" Juu wakacheka kwa heshima. Chini, wanawake waliokuwa karibu nami wakatikisa vichwa, mashallah, mashallah. Nilikuwa nimeshika sahani ya mahamri. Niliiweka chini polepole, kwa sababu mtu wa umri wangu hatakiwi kumwaga vitu kwenye zulia la wafiwa.

Nikamtazama dada yangu. Da Rukia yuko edani, amekaa kwenye godoro lake pembeni, mtandio mweupe kichwani, tasbihi mkononi. Macho hakuyainua. Akazidi kuzisukuma punje za tasbihi, na mimi namjua dada yangu: akimtaja Mungu midomo yake huchezacheza. Siku ile midomo ilikuwa imefungwa. Alikuwa anasikiliza tu. Alikuwa anajua, siku zote amejua, na amenyamaza muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kumaliza chuo kikuu na kununua gari. Wafu hawasemwi vibaya, nimefundishwa hivyo tangu utotoni, na ni mafundisho mazuri. Lakini sikufundishwa kwamba wafu waruhusiwe kuondoka na vitu vya walio hai. Kwa hiyo nasema.

Mwaka wa chubwi ile nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nalala nyuma ya pazia. Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, Minneapolis kusini, vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja kilikuwa cha dada na mumewe; cha pili kilikuwa cha Zuhura, binti yao, aliyekuwa mchanga bado, pamoja na masanduku ya shemeji yaliyokuwa hayajafunguliwa tangu yatoke Mombasa. Mimi nilipewa kona ya sebule, dada akanitundikia leso zake mbili za kujifunga ziwe ukuta. Ukuta wa leso unazuia macho tu. Nyuma yake nilisikia kila kitu: hita ikigonga, mtoto akikohoa, shemeji akisimulia kwenye simu. Alikuwa dereva wa teksi wa uwanja wa ndege, mtu wa sauti nzuri na maneno mengi, na katika mwezi wangu wa kwanza niligundua jambo moja juu yake. Akisema kweli, alisema tu. Akitaka kusema uwongo, alianza kwa "Wallahi." Nilidhani ni jambo la kuchekesha, nikamwambia dada, naye akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kitambaa cha sahani. Siku hizo dada yangu alikuwa bado anacheka.

Chakula cha nyumba ile kilikuwa kuku. Kuku wa kuchemsha, kuku wa kukaanga, kuku wa mchuzi, wiki nzima, mpaka mtu ukaona haya kumtazama kuku machoni. Samaki wa dukani walikuja wamekatwa vipande vya mraba, hawana kichwa wala mkia. Dada alikuwa akivigeuza kwa ncha ya kisu na kuuliza, "Hebu niambie, Mishi, huyu alikuwa na mama kweli huyu?" Kitu pekee cha fahari mle ndani kilikuwa seti yake ya chai ya harusi: vikombe sita, visahani sita na vijiko sita vya chuma kizito, kila kijiko kikiwa na ua dogo lililochongwa ndani ya kibakuli chake, pale sukari inapokaa. Alivifuta mwenyewe, hakumwachia mtu. Mimi nilikuwa nikinywa chai yenye sukari nyingi, vijiko vilivyojaa, na yeye alikuwa akinitania kwamba sinywi chai, nakunywa miwa.

Kazi yangu ilikuwa kukunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja, na aliyeshika upande wa pili wa shuka langu alikuwa Mama Neema. Kukunja shuka kunataka watu wawili wanaokwenda pamoja. Ukiwahi mwenzio, unamvuta. Sisi hatukuvutana hata siku moja. Alitoka Uvira, kule Kongo, Mkristo wa kwaya, mama wa watoto wawili, na kwa bahati aliishi ghorofa ya chini ya jengo letu. Nyuma ya jengo kulikuwa na ziwa dogo, na lilipoganda, kuanzia Desemba, watu wakaanza kukaa juu yake, kila mmoja na ndoo yake ameigeuza kiti, wameinamia tundu. Tuliwatazama tukirudi kazini. "Mishi, unaona bale Bazungu?" Mama Neema akaniambia siku moja. "Bako pale tangu asubuhi. Habawezi kuwa bote bajinga. Iko kitu mule chini." Wiki ile ile alinunua keekee ya mtumba ya kutobolea barafu, ndefu kumfika kifuani, na fimbo mbili fupi za kuvulia, fupi kama mwiko. Tukakata leseni, tukavaa kila tulichokuwa nacho, tukaenda.

Siku za mwanzo hatukupata kitu, na nataka nieleze kwa nini, kwa sababu kisa chote kiko hapo. Samaki wenyewe ni wadogo, bapa, wengine tumbo la manjano, wengine madoa meusi. Waamerika wanawaita samaki wa kikaango kwa kuwa mmoja mzima anaenea kwenye kikaango. Wakati wa barafu hawana pupa. Kundi hukaa katikati ya maji, mbali na juu na mbali na chini, na midomo yao ni midogo, kwa hiyo wanataka ndoana ndogo kuliko punje ya mchele, yenye funza mmoja mweupe. Sasa kitu kidogo namna ile hakina uzito. Ukikishusha tunduni kinazubaa, mshipi nao kwa baridi unajikunja, na mpaka kifike, kundi limeshapita. Ukifunga risasi nzito karibu na ndoana ili ifike upesi, samaki akivuta anausikia uzito, anatema. Majirani zetu kwenye barafu walikuwa na vioo vya umeme vya kuonyesha samaki walipo. Waliwaona kabisa, na wakabaki kuwatazama wakipita, kama mtu aliyeachwa na basi.

Jibu nililiona kwenye beseni la vyombo. Dada alikuwa anaosha, kijiko cha seti kikamponyoka, na badala ya kuzama moja kwa moja kikashuka kikiyumba, kinamulika huku, kinamulika kule, mpaka chini. Nikakiokota, nikakiachia tena. Mara ya tatu dada akauliza kama nimeugua. Kwetu pwani, kile kipande cha risasi kinachouzamisha mshipi kinaitwa chubwi, na kwa kawaida chubwi hukaa chini, ndoana zikawa juu yake. Mimi niliigeuza kichwani pale pale, mikono imejaa povu: chubwi iwe juu, ndoana iwe chini yake, na katikati kipande cha mshipi mwembamba urefu wa kiganja. Chubwi itavuta kila kitu chini kwa haraka, itamulika na kuwaita, kisha itasimama, na funza atabaki anaelea peke yake kwenye kamba yake fupi, mwepesi kabisa. Samaki atamvuta asisikie chochote mpaka awe amechelewa. Baadaye nilijua kwamba Waamerika nao wana mtego wa namna hiyo, unauzwa dukani umefungwa kwenye plastiki. Sijali. Mimi sikuuona dukani.

"Dada, nipe kijiko kimoja," nikasema.

"Cha seti ya harusi yangu? Una wazimu wewe?"

"Kimoja tu. Nitakuletea samaki mwenye kichwa."

Akakitazama kile kijiko, akakikausha vizuri kwa pindo la leso yake, akanipa kwa mkono wake mwenyewe. "Chukua. Kwani humu mna wageni sita?" Nikaenda kwa fundi wa jengo, akaniruhusu kutumia meza yake. Nikakata mpini kwa msumeno wa chuma, nikatoboa tundu juu na tundu chini ya kile kibakuli, nikasugua kingo zisikate mshipi. Ua likabaki katikati.

Samaki wa kwanza sikumsikia, nilimwona. Ncha ya fimbo iliinuka kidogo badala ya kuinama, kwa sababu alikuwa amembeba funza kwenda juu na kuupunguza ule uzito. Nikavuta. Akaja anazunguka, tumbo la manjano, mzima, ana kichwa na mkia na hasira zake. Nilipiga kelele ambayo nadhani ilifika mjini. Mama Neema alisimama, ndoo ikaanguka, akaanza kuimba wimbo wa kanisani juu ya barafu, na mimi Mwislamu nikamsaidia kupiga makofi. Nikashusha tena, akaja mwingine. Mzee mmoja wa Kizungu wa tundu la jirani alivumilia, alivumilia, mwisho akaja kuuliza sisi tunawapataje. Kiingereza changu hakikutosha kumweleza, nikamwekea ile chubwi kwenye kiganja. Akaipima uzito, akaligusa ua kwa kidole, akacheka, akavua kofia. Mnasikia? Alinivulia mimi kofia. Shemeji Twalib saa hiyo alikuwa kitandani.

Jioni zile nazikumbuka kwa harufu. Dada alikuwa akiwakaanga wazima, chumvi, ndimu na pilipili tu, na wali wa nazi pembeni, nasi tukala kwa mkono mpaka mifupa ikawa safi. Mama Neema alipanda na sufuria yake ya samaki wa nyanya, akakaa mezani kwetu, akabishana na dada kama nazi inaharibu samaki au inamtengeneza. Shemeji alikula kuliko sote, na akalalamika kuliko sote. Siku moja alifungua friji kutafuta siagi, akakuta kopo langu la funza. "Rukia! Hii ni nyumba ya watu au ni kaburi?" Dada akamwambia funza hao ndio wamemlisha jana. "Na huyu mwanamwari kukaa juu ya ndoo katikati ya wanaume, watu watasema nini?" Dada akajibu bila kugeuka, "Watasema kwa kina Rukia kuna samaki." Nilimpenda dada yangu siku ile kuliko mtu yeyote duniani. Ndiyo maana lililofuata sijalimeza mpaka leo.

Ijumaa moja mwenyekiti alialikwa, yeye na mkewe, na mzee mwingine mmoja. Wakati huo hakuwa mwenyekiti bado, ila ilishajulikana atakuwa, na shemeji alimtaka awe rafiki. Tulikuwa watu sita. Walikula, wakasifu, wakajilamba vidole. Mimi nilikuwa jikoni na dada, maji ya chai yanachemka, dada anapanga seti kwenye sinia. Kutoka sebuleni tukamsikia mgeni: "Sasa Bwana Twalib, samaki hawa mbichi namna hii, nani kawavua?"

Kisha shemeji akasema, "Wallahi, mimi hutoka hapo nyuma asubuhi, kabla ya shift. Kupoteza wakati tu."

"Wacha wewe! Na baridi hii? Wanangu wamejaribu, hawapati hata mmoja."

"Siri ni chubwi, bwana. Nimeunda chubwi yangu mwenyewe. Lazima ufikiri kama samaki."

Neno langu. Alichukua hata neno lenyewe, bado lina mate yangu. Nilimgeukia dada. Alikuwa mlangoni, sinia mikononi, amesikia kila herufi. Nikasema kwa sauti ndogo, "Da Rukia, sema." Nikamwona akivuta pumzi, nikadhani ni pumzi ya kusema. Akaingia na sinia na kusema, "Karibuni chai." Mke wa mgeni, mwanamke wa macho makali, akahesabu kama wanawake wetu wanavyohesabu vyombo vya wenzao. "Mbona vijiko vitano, Rukia? Seti si sita?" Na dada yangu, bila kusita, akaweka kikombe kisicho na kijiko mbele yangu. "Cha sita hakihitajiki. Mishi hanywi sukari."

Kwa maneno matatu alikifuta kijiko, akanifuta na mimi. Nilikaa pale nikanywa ile chai chungu mpaka chini, kwa kuwa wageni walikuwa wananitazama, na kila funda liliniteremka kama dawa ya minyoo. Mgeni akasema Jumapili atakuja aende na Bwana Twalib kwenye barafu, aone kwa macho yake. Shemeji akasema ahlan wa sahlan, karibu sana. Nilitazama jasho likimtoka chini ya kofia yake, na ikawa raha yangu pekee usiku ule.

Kesho yake alikuja mpaka kwenye pazia langu, akabisha kwa kukohoa. "Mishi, nionyeshe kile kidude." Sikuwa na mahali pengine pa kulala. Hilo alilijua yeye na nililijua mimi, na hakuna aliyehitaji kulitaja. Tukajaza maji bafu la kuogea, nikamwonyesha namna ya kushusha, namna ya kuchezesha, namna ya kusimamisha. Vidole vyake havikuweza kufunga ile kamba fupi, nikamfungia. Alikuwa amepiga magoti kwenye kijizulia cha bafuni, anachezesha kijiko ndani ya maji ya bomba, na akapata ujasiri wa kuniambia, "Sasa Jumapili wewe bakia nyumbani. Tutakuwa wanaume watupu, si vizuri." Nikamuuliza, na chubwi yangu? "Utaipata," akasema. Hakuanza na Wallahi, na kwa ujinga wangu nikaamini.

Samaki ningemwachia. Hata sifa, pengine, ningemwachia kwa miaka, sifa hailiwi. Lakini Jumapili ile asubuhi Mama Neema alipanda kunigongea kama kawaida, ndoo mkononi. Mimi nilikuwa bafuni, kichwa kimejaa sabuni. Nikamsikia shemeji akifungua mlango. "Ah, Mama Neema. Wallahi, Mishi mwenyewe amesema hataki tena. Asema hawezi kukaa na mtu asiye wa dini yake. Mimi nimemkanya, lakini ndivyo alivyosema." Nilipiga kelele kutoka ndani, maji yanaunguruma, sabuni inaniingia machoni. Nikamsikia Mama Neema akisema, "Ah bon. Kumbe." Kisha, "Basi, papa. Merci." Nilipotoka, nimejifunga leso tu, mlango ulikuwa umefungwa na shemeji anavaa buti. Buti zangu. Dada alikuwa jikoni anamlisha Zuhura uji, na kijiko kilikuwa kinakwenda mdomoni mwa mtoto, kinarudi, kinakwenda.

Nilimkimbilia Mama Neema chini, hakufungua. Jumatatu nilimkuta kazini ameomba meza nyingine, anakunja na mtu mwingine, wanavutana. Nikamwambia mbele ya watu, shemeji yangu amedanganya, sijasema neno hilo, siwezi kulisema. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko tusi. "Mishi, yule bwana alilapa na jina ya Mungu. Mutu hawezi kulapa na jina ya Mungu juu ya samaki. Njo maana minajua ni kweli." Nikamweleza kuhusu Wallahi yake, kwamba kwake ndiyo alama ya uwongo. Akatikisa kichwa. Kwake mtu anayemtaja Mungu na kudanganya hakuwepo duniani, na afadhali aamini mimi ni mbaya kuliko kuamini hilo. Shule zilipofungwa alihamia mji mwingine na watoto wake. Hakuniaga. Nimemuuliza kila Mkongo niliyekutana naye kazini, sokoni na kwenye mabasi, Mama Neema wa Uvira, mwenye sauti ya kwanza kwenye kwaya, na wananiambia akina Mama Neema wako wengi.

Chubwi sikuipata. Shemeji akawa anatoka nayo kila Jumapili na mwenyekiti, akapigwa picha, akafundisha vijana, akaanzisha siku ya kuvua ya chama. Mimi nilipara magamba jikoni mpaka mwaka ukaisha, kisha nikapata chumba Saint Paul, chumba chenye mlango wa mbao na ufunguo wangu. Tangu hapo kila kipupwe navua. Nakwenda peke yangu kwenye ziwa ambalo hakuna anayenijua, na ndoo mbili, moja ya kukalia. Ya pili huwa naiweka upande wa pili wa tundu, imegeuzwa. Na kila nikienda kwa dada yangu, Idi, harusi, msiba, huletewa kikombe kisicho na kijiko. Hata walioolewa juzi katika ukoo, wanaoniita khalati, mama mdogo, wanajua: khalati Mishi hanywi sukari.

Basi Jumapili iliyopita, hotuba ilipokwisha, akateremka Zuhura. Mtoto yule wa uji sasa ni mwanamke mrefu anayefanya kazi ofisini mjini. Anaelewa kila tunachosema na anajibu kwa Kiingereza. Mkono mmoja alishika sinia ya seti ya mama yake, maana wakubwa hawanyweshwi kwa vikombe vya karatasi, na kwenye kiganja cha mkono wa pili alikuwa na kitu kilichokuwa kinapitishwa huko juu. "Khalati, look. It's Baba's chubby."

"Baba's nini?"

"His chubby. We all call it that." Akacheka kidogo, macho mekundu ya kulia. "Because it's fat, I guess?"

Watoto waliokulia huku walilisikia neno chubwi wakalidhani la Kiingereza, wakalipa maana ya unene. Hata neno halikubaki. Zuhura aliiweka juu ya meza mbele yetu: kibakuli cha kijiko, kimefifia, tundu juu na tundu chini, kipande cha mshipi mpya, na ndoana ndogo imechomekwa kwenye kizibo isimchome mtu. Ua lilikuwa limesuguliwa karibu kwisha, lakini lilikuwepo. Wakati huo huo akawa anapanga vikombe, kijiko, kijiko, kijiko, na alipofika kwangu akaniwekea kikombe kisicho na kijiko, kama alivyolelewa.

Nililivuta bakuli la sukari. Mazungumzo yakapungua. Nikachota kwa kijiko cha jirani yangu bila kumwomba, nikajaza, nikamwaga kwenye chai yangu, nikajaza tena. Kisha nikachukua ile chubwi, nikaikata kamba ya ndoana kwa meno, nikashika mshipi kwa vidole viwili, nikaishusha ndani ya kikombe. Ilishuka ikiyumba, inamulika huku, inamulika kule. Nikaichezesha kama inavyochezeshwa: juu kidogo, iachie, ngoja. Juu kidogo, iachie, ngoja. Mke wa mwenyekiti, mwenye macho makali, mzee sasa, alitazama kikombe changu, akatazama vile vijiko vitano, akatazama tena kikombe changu.

"Khalati!" Zuhura akasema. "What are you doing? That's Baba's!"

"Nakoroga chai," nikasema. "Hiki ni kijiko. Muulize mama yako."

Zuhura akageuka. Sote tukageuka. Tasbihi ilikuwa imesimama. Dada yangu alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile, na pengine kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa, uso wake umezeeka, macho yale yale yaliyokuwa yakicheka juu ya beseni la vyombo. Nilijua akisema "Karibuni chai" nitainuka, nitapanda ngazi zile, na sitarudi nyumba ile mpaka anizike au nimzike.

"Ni cha seti yangu," akasema. Sauti ilikwaruza, akaisafisha. "Nilimpa mimi, kwa mkono wangu. Akakikata yeye. Samaki wote wale kavua yeye. Baba yako alifundishwa na huyu, bafuni." Mtu mmoja akasema astaghfirullah, sijui kwa nani kati yetu. Dada hakumjali. Alinyoosha mkono, akalisogeza bakuli la sukari karibu nami zaidi, ingawa lilikuwa karibu tayari.

"Na Mishi anakunywa sukari," akamwambia binti yake. "Siku zote alikuwa anakunywa sukari."

Nikanywa. Ilikuwa tamu mno, na hasira ilikuwa bado imekaa pale pale. Nilipomaliza niliifuta chubwi kwa pindo la mtandio wangu, nikaitia mkobani, na hakuna aliyeniuliza naipeleka wapi.